Mafua si Madogo kwa Kila Mtu



Miaka 10 hii tumejifunza kuweka akiba kabla ya shida. Afya nayo ni hivyo hivyo. Mafua makali humlaza hospitalini mtu mzima mwenye maradhi ya kudumu upesi kuliko mwenziwe. Kwa nini? Virusi hupandisha sukari ya mwenye kisukari, hubana kifua cha mwenye pumu, na moyo uliochoka huutwisha mzigo. Dunia iliyaona hayo mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoenea.

Basi tusikatize dawa eti leo tuna nafuu. Mwenzetu akihema kwa shida, tusingoje siku ya kikao. Mfuko wa dharura kazi yake ndiyo hiyo. Nauli ya leo ni rahisi kuliko kitanda cha wiki nzima.