Mwanasheria wa Bombay na Wajane wa Kwetu

(Hotuba ya Kamati ya Usomaji, iliyosomwa siku ya kilele cha miaka kumi ya kikundi, Mikocheni)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa hai, na sanduku letu likiwa salama na kufuli zake tatu. Mahesabu mweka hazina amekwisha yasoma, hatutayarudia. Sisi wa Kamati ya Usomaji tumepewa dakika kumi tujibu swali ambalo wengi mmekuwa mkituuliza huku mnacheka: hivi kikundi cha kuweka na kukopa kinasoma vitabu vya upelelezi ili iweje?

Jambo lenyewe lilianza kwa mvua. Ilikuwa mwaka wetu wa tano, masika, njia ya kutokea Kwa Warioba imejaa maji, hisa zimekwisha hesabiwa na hakuna wa kutoka barazani. Binti wa mwenzetu alikuwa na kitabu cha Kiingereza mkononi. Tukamwambia, mwanetu, kuliko kusoma peke yako, hebu tusomee na sisi. Akawa anasoma ukurasa, anatueleza kwa Kiswahili, anasoma mwingine. Jumamosi iliyofuata hata wale wachelewaji wetu sugu, tunaowajua kwa faini zao, walifika saa tisa kamili.

Kitabu hicho kinaitwa The Widows of Malabar Hill, yaani wajane wa Malabar Hill, cha mwandishi Sujata Massey, kilichotoka mwaka 2018. Habari zake ni za Bombay ya mwaka 1921. Mpelelezi si polisi wala si jasusi mwenye bastola. Ni mwanamke kijana, Perveen Mistry, Mparsi, mwanasheria katika ofisi ya baba yake. Waparsi si wageni kwetu. Walikuwapo Unguja miaka mingi, na yule mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa huko mwaka 1946, ni mtoto wa watu hao.

Sasa sikilizeni kisa. Tajiri mwenye kiwanda amefariki, ameacha wake watatu, Razia, Sakina na Mumtaz. Wote wanakaa utawani, hawaonekani na mwanamume asiye ndugu; wakizungumza na mgeni huzungumza nyuma ya ukuta wa nakshi wenye matundu. Nyumba inaendeshwa na wakala mwanamume. Siku moja inafika barua kwa wanasheria: wajane wote watatu wameamua kutoa mahari zao na mali zao ziingie kwenye wakfu wa familia. Na mahari hizo si haba. Mmoja ana ardhi, mwingine vito, wa tatu ana ala za muziki. Chini kuna sahihi zao, na moja si sahihi bali alama ya X.

Hapo ndipo Perveen alipotia shaka. Mtu asiyejua kusoma amejuaje alichokiandikia X? Mwanasheria mwanamume hawezi kuingia kuwauliza, haruhusiwi. Yeye aweza. Akaenda, akakaa nao mmoja mmoja, akakuta kila mmoja anaelewa jambo lake tofauti. Kisha yule wakala akakutwa ameuawa, na polisi, wanaume watupu, wamekwama mlangoni. Muuaji hatumtaji, maana wapo humu ambao hawajafika mwisho.

Wazee wenzetu mtakumbuka tulikua na wapelelezi wetu wa Kiswahili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake, tangu Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Kisha akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Tuliwapenda, na wengine tulisoma chini ya shuka kwa kibatari. Lakini wote ni wanaume, na mwanamke mwenye akili, kama yule Nuru wa Joram, kazi yake ni kumsaidia bwana. Tulipompata Perveen anayeulizia mikataba na mirathi, si silaha, tuliona ni mambo ya nyumbani kwetu kabisa.

Perveen mwenyewe ni wa kutungwa, ila mwandishi amesema alimchota kwa wanawake wawili wa kweli. Wa kwanza ni Cornelia Sorabji, aliyezaliwa Nashik mwaka 1866. Alifanya mtihani wa sheria Oxford mwaka 1892, mwanamke wa kwanza pale, lakini shahada hakupewa mpaka 1922. Miaka thelathini! Katika muda huo hakukaa bure. Kuanzia 1904 serikali ya Bengal ilimpa kazi ya kuwashauri wanawake wa utawani na yatima wenye mali. Wa pili ni Mithan Tata, aliyepata uwakili London mwaka 1923 na kuja kufanya kazi Mahakama Kuu ya Bombay. Ndiyo maana kitabuni Perveen mwaka 1921 anaandika wosia na mikataba lakini kortini hasimami, husimama baba yake. India iliruhusu wanawake kuwa mawakili kwa sheria ya mwaka 1923.

Msidhani Bombay ni mbali. Waingereza walipoichukua Tanganyika walituletea sheria za India zilivyo. Sheria ya India ya ushahidi ilitumika katika mahakama zetu hadi tulipotunga yetu mwaka 1967. Na kitivo chetu cha sheria kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1975 mwanasheria Julie Manning akawa Waziri wa Sheria. Yeye na Tabitha Siwale ndio wanawake wa kwanza nchini kuwa mawaziri kamili.

Sasa tuseme lile lililotufanya tuombe dakika hizi.

Mwaka wetu wa pili, kabla hatujakijua kitabu hiki, mwenzetu mmoja alifiwa na mumewe. Baada ya arobaini shemeji zake walikuja na karatasi, wakamwambia ni ya kufuatilia mafao. Akatia dole gumba. Ilikuwa ya kukubali nyumba iuzwe. Sisi tulifanya nini? Tulimchangia nauli ya kurudi kwao, tukampikia, tukalia naye. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza karatasi inasemaje. Hilo linatuuma mpaka leo, na yeye ametupa ruhusa kulisema hapa.

Mwaka wa saba yakamkuta mwingine. Karatasi tena, safari hii kwa Kiingereza, na shemeji amekaa kochini anangoja na kidau cha wino. Mwenzetu akamwambia, shemeji, niachie nakala, Jumamosi nitaipeleka kikundini. Shemeji akakasirika, akasema mambo ya ukoo hayapelekwi kwenye upatu. Akamjibu, hata wale wajane wa Bombay waliambiwa hivyo hivyo. Sijui shemeji alielewa nini! Tuliposomewa, ilikuwa inasema hana pingamizi shemeji awe msimamizi wa mirathi na hatadai chochote. Hakutia dole. Tulimsindikiza kwa wanasheria wanawake wanaotoa msaada bure, likaitwa kikao cha ukoo, yeye mwenyewe akaomba usimamizi Mahakama ya Mwanzo. Pingamizi liliwekwa, tarehe ziliahirishwa mara nyingi mno, lakini leo anakaa na wanawe mle mle, na jiko lake la maandazi ndilo lililowalisha chai asubuhi hii.

Huko kwa wanasheria tulijifunza mengine. Kwamba mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa kuwa alikuwa amekwisha pewa fedha na kuzitumia. Sheria nayo ina vituko vyake.) Kwamba Holaria Pastory wa Kagera aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, mpwa akashitaki kwamba mila haimruhusu mwanamke, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akakubali uuzaji wake. Na kwamba sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 bado zinawabana wajane wengi, hata kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikaitaka Tanzania izirekebishe, mwaka 2015, baada ya wajane wawili washona nguo kupeleka malalamiko.

Basi tangu mwaka ule tumeweka utaratibu: hakuna mwanachama anayetia sahihi wala dole kwenye karatasi ya mirathi, kiwanja au mkopo kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya wenzake wawili. Wapo waume walionuna. Wapo pia waliotuletea karatasi zao wenyewe, nao tukawasomea.

Hadi mwaka 2023 Perveen alikuwa na vitabu vinne. Tumefika cha pili, cha wajane wa kifalme. Kiko kwa mwenzetu wa Mikocheni B, na tunamwomba akirudishe kabla ya Jumamosi, kikiwa hakina mafuta.