Simamisha Mchezo, Uingie Wewe!

(Mazungumzo na vijana wa Kiriba, Musoma, Mkoa wa Mara)

 

Leo sianzi na UKIMWI, naanza na aibu yangu. Mara ya kwanza nilipokuja huku, nimetoka chuo kikuu juzi juzi, nilileta mchezo wa kuigiza nilioutunga peke yangu mezani. Kijana mlevi anatembea ovyo na wanawake, anaugua, anakufa, kisha daktari anasimama na kuhubiri. Watu walimcheka sana yule mlevi. Daktari alipofungua mdomo, wakaondoka mmoja mmoja. Tena ilikuwa jioni, wavuvi wanajiandaa kwenda ziwani, kwa hiyo nilibaki na watoto. Na ule mchezo ulikuwa nusu uongo: mwenye virusi anayetumia ARV vizuri anaishi na kulea wajukuu.

Mara ya pili tulisubiri mbalamwezi. Mnajua wenyewe, dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwaka mitumbwi inalala, na watu wako nyumbani. Safari hii hatukuja na mchezo. Siku 4 tulikaa mwaloni, tukaanika dagaa na akina mama huku tukiuliza: jambo gani linawasumbua na halisemwi mkutanoni? Kisha vijana wa hapa wakatunga wenyewe.

Ulikuwa mchezo wa dakika 10 tu. Binti wa miaka 18 anafika mwaloni na ndoo yake. Pesa haitoshi. Mvuvi anamwambia, "Dagaa utapata, mdogo wangu, ila uje jioni uchukulie kwangu." Binti anainama. Anakwenda. Basi, umekwisha.

Mwongozaji akauliza kama tunakubali mambo yaishe hivyo. Kimya. Akasema tunarudia toka mwanzo, na yeyote anayeona binti angefanya vingine apige makofi, mchezo usimame, aingie yeye aishike ile ndoo.

Kijana mmoja akaingia mbio. Akamfokea mvuvi, "Sitaki! Nenda zako!" Watu wakashangilia. Ndipo mama mmoja muuza dagaa akasema pale pale alipokaa, "Umekataa, vizuri mwanangu. Sasa kesho nyumbani wanakula nini?"

Kijana akabaki ameshika ndoo tupu. Jamani, swali lile lilizidi vipeperushi vyangu vyote. Miaka nenda rudi tunawaambia wasichana "kataa", hatuwaambii dagaa watapata wapi.

Mama yule akaingia mwenyewe. Akaita wanawake 2, wakachanga pesa mbele ya mvuvi, wakataka wapimiwe pale pale mchangani, mchana, kila mtu anaona. Mwigizaji wa mvuvi alipojaribu kupandisha bei, watazamaji wakamzomea! Halafu akasimama mvuvi wa kweli, mtu mzima, akasema si wavuvi wote wako hivyo, na hata wao wanategemea mgawo wa tajiri wa mtumbwi. Wengine wakamkatalia. Ubishi ukaendelea hadi mwezi ukawa juu ya vichwa. Mimi nilinyamaza, na wanaonifahamu wanajua hiyo si kazi ndogo kwangu.

Njia hii ya kusimamisha mchezo ilienezwa na Mbrazili Augusto Boal tangu miaka ya 1970. Lakini usidhani yote ni ya kuazima. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 tulizoea ngonjera, ujumbe unatoka juu, sisi tunapiga makofi. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, hapa hapa Kanda ya Ziwa, wakafanya kinyume chake: walichunguza matatizo pamoja na wanakijiji, wakaigiza nao, wakajadili nao. Mwaka 1996 chuo hicho kikaanzisha Tuseme, wasichana wa sekondari wakaanza kutumia sanaa kusema yanayowakwamisha shuleni.

Sasa jambo ambalo hatukulifikiria. Dada aliyeigiza yule binti alianza kuitwa mwaloni kwa jina la mchezo, pamoja na maneno machafu. Aliacha kupita kule kwa siku kadhaa. Kwa hiyo basi, ukianzisha kikundi chako, badilishaneni nafasi, hata mvulana aigize binti. Mkimaliza, kila mmoja aseme mbele ya watu jina lake halisi. Msiigize kisa cha mtu anayejulikana kijijini. Mwenyekiti wa kijiji aelezwe mapema. Na muwe na mhudumu wa afya karibu, maana maswali huja gizani, watu wakishatawanyika. Usiku ule niliulizwa na wawili kuhusu kupima. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, mwenye miaka 15 anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi. Na aliyelazimishwa, au kondomu imepasuka, awahi kituo cha afya mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, apewe dawa za kuzuia maambukizi.

Wale akina mama 3 walianza kuchanga kweli. Wiki ya tatu mmoja akajitoa, kwa sababu ana deni kwa mvuvi yule yule anayemuuzia. Hilo la deni hatukuwa nalo kwenye mchezo. Mbalamwezi ijayo tunaurudia, na deni limo. Ndoo naleta mimi. Nani anaingia kwanza?