Aliyeshika Padi na Walioko Benchini

Mhadhara wa umma uliotolewa Magu



Nimealikwa kuzungumzia fasihi, nami nimechagua gemu. Sababu ni kauli moja. Katika kikao cha watu wa fasihi nilipendekeza kwamba maoni ya wachezaji wa gemu za hadithi yakusanywe na kusomwa kwa uzito uleule tunaowapa wahakiki wa riwaya. Mwenzangu mmoja ninayemheshimu akasema hayo si maoni, ni kelele. Mchezaji mikono yake imeshughulika, alisema. Hawezi kuruka shimo na papo hapo akatafakari maana ya shimo. Akimaliza atalalamikia kuruka. Hadithi ikiwa ya ajabu, yenye mizimu na miji isiyokuwepo, ndiyo kabisa: hataielewa, ataipa nyota mbili, atakwenda kulala. Wengi kikaoni walimwitikia. Kauli hiyo ndiyo ninayotaka kuibomoa jioni hii, na mniruhusu nichukue muda, kwa sababu imeshaanza kuingia katika namna tunavyowafundisha vijana kusoma.

Gemu nitakayoitumia ni *Tales of Kenzera: Zau*, iliyotoka tarehe 23 Aprili 2024. Aliyeibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Baadhi yenu mnamjua kwa sauti tu: ndiye Bayek wa *Assassin's Creed Origins* ya mwaka 2017. Baba yake alifariki kwa saratani, na gemu hii ni tanga alilomwekea. Kijana Zuberi, mkazi wa mji wa baadaye uitwao Amani, amefiwa na baba, naye anapewa kitabu ambacho baba huyo alimwandikia. Ndani ya kitabu yumo mganga kijana, Zau, ambaye naye amefiwa na baba. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, wakapatana: Zau amletee roho kubwa tatu, na Kalunga amrudishie baba yake. Anayetaka anaweza kuicheza gemu nzima akiwasikia wahusika wakisema Kiswahili.

Ugomvi wa kama gemu ni hadithi au ni kanuni za mchezo mnaujua. Umechosha tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Naupita.

Wachezaji walisema nini? Walisifu rangi, wakasifu muziki wa Nainita Desai, wakasifu jinsi msiba unavyosemwa waziwazi. Walilalamika kwamba mapigano yanajirudia, kwamba inabidi kurudi ulikotoka kwa safari ndefu, kwamba zipo sehemu ambapo kosa dogo linakuua papo hapo. Wengine waliiona fupi. Walikuwepo pia walioishambulia studio iliyoitengeneza kwa sababu ya rangi ya watu wake, hadi Salim akajitokeza kwenye video kuwajibu. Hao siwahesabu, kwa sababu walichokuwa wakikipima hakikuwa gemu.

Sasa niingie kwenye kauli ya mwenzangu. Imesimama juu ya miguu mitatu, na wa kwanza ni mikono.

Mwenzangu amekulia mbali na huku. Angekulia hapa angewaona wacheza ngoma wa bagobogobo, jembe likirushwa hewani, likizunguka, likidakwa, na ubeti unaendelea kuimbwa na mtu yuleyule anayelidaka. Nani amewahi kusema kwamba mwenye jembe hajui anachokiimba kwa kuwa mikono yake ina kazi? Mikono ndiyo inayompa pumzi na mahali pa kuuweka mkazo. Katika *Zau* kuna mibuyu ambapo kijana huketi, akaacha kupigana, akazungumza na Kalunga juu ya baba yake, na hapo nguvu zake za uhai huongezeka. Mchezaji akisema mibuyu inamkata mwendo, mwenzangu anasikia malalamiko ya vidole. Mimi namsikia mtu aliyekuwa akikimbia ili asifikiri, na hadithi imemkalisha kwa nguvu. Hivyo ndivyo Zau mwenyewe alivyo: anakimbilia mapatano kwa sababu hataki kukaa matangani. Lalamiko la mchezaji limefika kwenye kiini cha hadithi, ingawa halikusemwa kwa lugha ya darasani. Sisemi kila lalamiko lina kina hicho. Anayenung'unikia kurudi alikotoka ananung'unikia urefu wa njia, basi, na ana haki.

Mguu wa pili ni hesabu. Mwenzangu alituonyesha tovuti zinavyokusanya maoni: Steam inamtaka mchezaji aseme anapendekeza au hapendekezi, dole gumba juu au chini, Metacritic inampa nafasi ya kutoa alama kuanzia 0 hadi 10. Akakumbusha mwaka 2020, *The Last of Us Part II* ilipotoka na kumwagiwa masifuri na watu ambao, kwa urefu wa gemu ile, hawangeweza kuwa wameimaliza. Je, huo ndio uhakiki? Nakubaliana naye kwamba siyo. Lakini tazama kilichofuata. Julai mwaka huohuo Metacritic waliweka kanuni kwamba wachezaji wasubiri saa 36 baada ya gemu kutoka ndipo waandike. Waliokuwa wakihesabu vidole waligundua wenyewe kwamba maoni yana sharti moja: lazima uwe umekuwepo.

Na sharti hilo sisi tulilijua zamani. Kule Kisesa ipo Bujora, ambako Padri David Clement kutoka Kanada alianzisha parokia katika miaka ya 1950 na baadaye makumbusho ya Wasukuma. Kila mwaka, kipindi cha sikukuu ya Ekaristi, mashindano ya ngoma ya bulabo huchezwa pale. Wagika na Wagalu, vyama vya ngoma vilivyotokana na waganga wawili wapinzani wa karne ya 19, Ngika na Gumha, wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huku na kule. Anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi. Ndiyo maana kuna dawa za mvuto, ndiyo maana kuna nyoka na vinyago na kila aina ya kioja: mtazamaji aache kule aje huku.

Mwenzangu atasema, hiyo nayo ni hesabu ya vichwa. Ni kweli. Ila ni vichwa vilivyokuja kwa miguu. Huwezi kuwapa Wagalu sifuri ukiwa kitandani kwako. Ili umkatae huyu sharti ukasimame kwa yule, jua likuwakie, na jirani yako akuone ulikosimama. Tena unaweza kuhama. Nimewaona watu wakihama katikati ya wimbo, wakarudi, wakahama tena, na kila mguu ulioinuka ulikuwa neno la uhakiki. Anayeyaita hayo kelele, na aende Bujora mwezi wa sita.

Mguu wa tatu ndio unaoniudhi zaidi: kwamba hadithi ya ajabu humshinda mtu wa kawaida. Kauli hii ni ya zamani kuliko gemu. Ng'ambo ya ghuba hii ya Speke, kule Ukerewe, alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Alipoandika *Rosa Mistika* mwaka 1971 kila mtu alielewa, hata waliotaka kuificha. Alipotoa *Nagona* mwaka 1990 na *Mzingile* mwaka uliofuata, wasomi wengi walisema msomaji wa Kiswahili ameachwa njiani. Nami nimefundisha *Nagona* kwa miaka mingi. Wanaokwama zaidi ni waliofunzwa kwamba kila riwaya ina dhamira tano za kuorodheshwa. Waliokua wakisimuliwa hadithi na bibi zao hupita ndani yake bila kujikwaa, maana wamezoea mahali ambapo aliyekufa anaongea na aliye hai haoni ajabu.

Hapa ndipo ninapomleta Masala Kulangwa, nanyi wazee mniwie radhi kwa kuwasimulia mnachokijua, kwa sababu katika hadithi zote nilizowahi kuzisoma au kuzisikia hakuna inayozidi hii.

Zimwi Shing'weng'we alimeza watu wote, na mifugo yao. Akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, na mtoto alipokua akauliza: mbona tuko wawili tu? Mama akamweleza. Basi mtoto akatoka kwenda kumtafuta zimwi. Akarudi akishangilia kwamba amemuua. Mama akatazama, kumbe ni panzi. Mama hakumcheka. Alimwambia tu kwamba huyu siye, wamchome amle. Akatoka tena, akarudi na ndege: huyu siye. Akarudi na mnyama mkubwa zaidi: naye siye. Hadi siku alipomkuta mwenyewe, akamuua, akampasua tumbo, na kijiji kizima kikatoka, baba yake akiwemo. Katika kupasua, kisu kikamkata bibi kizee sikio. Bibi akakasirika, akamtukana, akataka kumroga. Masala Kulangwa akamtafutia dawa, akamponya. Mwisho wakamfanya mtemi.

Tazameni jinsi hadithi hii ilivyojaa maoni! Mama yuko pale, hana silaha, hatoki nyumbani, lakini ndiye anayejua nini kimeuawa na nini bado. Bila neno lake mtoto angetawazwa kwa kuua panzi. Halafu yuko bibi wa sikio. Simulizi ingeweza kuishia kwenye shangwe, na wasimulizi wavivu huishia hapo. Hii imemwachia nafasi mtu mmoja aliyeokolewa na bado ana lalamiko. Haikumwita mkorofi wala haikumnyamazisha. Shujaa amelazimika kumshughulikia kabla ya kupewa kiti. Kila nikisoma mchezaji akisema gemu ilimgusa moyo lakini ilimuua kwa kosa dogo, namfikiria bibi yule. Ametolewa tumboni mwa zimwi, ndiyo. Na sikio lake linauma, ndiyo. Yote mawili ni kweli, na mbunifu mwenye adabu anayashughulikia yote mawili.

Sasa niseme nilichokiona kwa macho yangu. Mpwa wangu aliicheza *Zau* sebuleni kwangu Mwanza, sauti ya Kiswahili, na nyuma yake watoto wa nyumba na wa jirani wamebanana kwenye benchi. Yeye mwenye padi aliongea kidogo, na aliyoyasema yalikuwa ya vidole: ruka, kwepa, badili barakoa, maana Zau ana barakoa ya jua na ya mwezi. Benchi ndilo lililobishana juu ya hadithi. Msichana mmoja alisema Zau hana heshima kwa Kalunga, mungu haamrishwi. Mwingine akasema aliyefiwa anaruhusiwa kukosa heshima kwa muda. Ndipo mvulana mdogo, aliyelelewa na bibi yake upande huu wa Magu, akauliza kwa nini Zau anahangaika na mapatano: Masala Kulangwa alimtoa baba yake tumboni, kwa nini huyu hampasui Kalunga?

Nilikaa na swali lile kwa muda mrefu. Lina nadharia nzima ndani yake. Zipo hadithi ambazo kifo ni tumbo, na tumbo hupasuliwa. Zipo ambazo kifo ni mtu wa kuzungumza naye njia nzima, na safari humfundisha mfiwa kumwachia marehemu aende. Salim alichagua ya pili, kwa sababu baba yake hakutoka. Mtoto yule aliona chaguo hilo pale ambapo wahakiki wa magazeti waliona gemu nzuri yenye ramani yenye kasoro. Mpeni padi mumwambie aandike dole juu au chini, na swali lile litapotea.

Kwa hiyo ninachokiamini ni hiki: mhakiki bora wa gemu ya hadithi ni yule asiyeshika padi. Maoni yaliyojaa kwenye tovuti yametoka kwa watu waliocheza peke yao chumbani, nasi tumeyachukulia kuwa ndiyo maoni ya wachezaji wote. Huku kwetu gemu huchezwa mbele ya watu. Nendeni kwenye vibanda vya gemu vya Magu mjini: mmoja anacheza, kadhaa wanasubiri zamu, na wanaosubiri hawanyamazi.

Nimezipima hoja dhidi yangu. Wapo wanaosema *Zau* yenyewe imechanganya mambo, kwamba kati ya zile roho kubwa tatu, Impundulu ni wa kusini mwa Afrika, GaGorib ni wa Wakhoikhoi ambao si Wabantu, na Kikiyaon ametoka Afrika Magharibi, kwa hiyo hadhira ya Magu haina cha kudai humo. Hoja ya uhalisi ni nzuri kwa mwanahistoria. Mvulana yule haikumzuia. Wapo wanaosema vibandani hawachezi hadithi, wanacheza mpira. Kwa sehemu kubwa ni kweli, lakini benchi la mpira ndilo benchi lilelile, na linahukumu kwa masharti yaleyale ya kuwepo na kuonekana. Hoja nzito kuliko zote ni simu. Kijana wa sasa anacheza kwenye simu, ameziba masikio, na hakuna anayeweza kukaa nyuma yake. Hii siwezi kuiondoa kwa maneno. Naweza tu kusema kwamba inatutaka tufanye haraka.

Julai 2024, miezi mitatu tu baada ya *Zau* kutoka, studio ya Salim, Surgent, ilipunguza wafanyakazi. Gemu za namna hii hazitakuwa nyingi, na zitakazokuja kwa Kiswahili zitakuwa chache zaidi. Kwa hiyo nawaomba walimu wa Magu mlioko hapa jambo moja. Itakapopatikana nyingine, au hii yenyewe ikiwekwa kwenye kibanda chochote kati ya hapa na Kisesa, wapeni wanafunzi wenu daftari na muwaketishe benchini. Waandike wanachosema wanaosubiri zamu, kwa Kisukuma au kwa Kiswahili, matusi yakiwemo, na wasimuulize mwenye padi chochote mpaka amalize. Daftari hizo nitazisoma mimi mwenyewe, na mwenzangu yule nitamtumia nakala.