Anayekaa Pembeni ya Dereva



Nimepewa dakika chache nizungumzie safari zetu za Desemba na vijana wanaotuendesha. Kijana anaweza kuzijua sheria zote za barabarani na bado akazivunja, kutegemea amepakia nani na moyo wake uko katika hali gani.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Gardner na Steinberg, walitoa matokeo ya jaribio la mchezo wa gari kwenye kompyuta. Wengine walicheza peke yao, wengine wakitazamwa na wenzao. Vijana waliotazamwa walijihatarisha zaidi. Watu wazima wa miaka 24 na kuendelea hawakubadilika sana.

Sisi tunaliona hilo kati ya Mombo na Same, pale barabara inaponyooka. Garini wamo vijana wanne, muziki uko juu. Gari jingine linawapita. Mmoja anauliza, "Tunaachwa na kigari kile?" Mwingine anacheka kwamba dereva anaendesha kama babu. Hakuna aliyemtuma avunje sheria, lakini mguu umeshakanyaga mafuta. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na dereva ni hivyohivyo.

Hasira nayo inaendesha gari. Aliyetoka kugombana na mtu kwenye simu humalizia ugomvi kwa lori lililo mbele yake. Hata furaha ni ya kuangaliwa: kwenye msafara wa harusi bodaboda wanapakia mishikaki na kupiga honi, na hakuna anayetaka kubaki nyuma. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde. Ukitoka mwendo wa 50 ukafika 100, umbali linaotembea baada ya kukanyaga breki huwa karibu mara nne.

Kwa hiyo ombi langu si kwa madereva peke yao.

Kwanza, kiti cha mbele apewe mtu ambaye dereva anamheshimu. Pili, abiria asinyamaze. Mama akisema, "Mwanangu, punguza, hatuna haraka," kijana amepata sababu ya kupunguza bila kuchekwa na wenzake. Tatu, vijana mnaosafiri pamoja, kubalianeni kabla ya kuondoka mtapumzika wapi na nani atampokea dereva akichoka. Anayesema "nimechoka" asiitwe mwoga. Nne, sisi tunaosubiri nyumbani tuache kupiga simu kila baada ya nusu saa kuuliza, "Mmefika wapi?" Simu hizo nazo zinamsukuma dereva.

Ndugu zangu, chama chetu huchangia madarasa, na huchangia pia kuwasafirisha marehemu wetu warudi kuzikwa nyumbani. Mfuko ni huohuo mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, yaani wanafunzi wa madarasa hayo na vijana tunaotegemea watuachishe kazi hii ya kuchanga.

Leo tuchange kwa moyo. Na tutakapopanda gari kwenda nyumbani, tuwe abiria wenye midomo.