Sahani Isiyorudi Tupu

[Muziki unaingia, kisha unashuka]

Mtangazaji: Leo sina mgeni studioni. Nitaongea mwenyewe, kuhusu kutoa.

Najua wengine mmeshacheka. Utoe nini, wewe unayepanga foleni ya mgao? Tangu mwaka 2023 chakula kilipopunguzwa, unga unaisha na mwezi bado upo. Hilo silibishi. Nisikilizeni tu kidogo.

Mimi ni Mkongomani, nimezaliwa hapa hapa Nyarugusu. Wazazi wetu wako hapa tangu 1996. Mwaka 2015 nilikuwa na miaka 14, Warundi walipoanza kufika kwa wingi. Mnakumbuka. Walivuka hadi Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikawakuta pale. Meli ya Liemba ikawa inawachukua hadi Kigoma, kisha mabasi yanawaleta kwetu. Wakalazwa kwenye makanisa na madarasa. Sisi watoto tulifurahi, hakuna shule!

Jioni moja mama alipakua ugali na maharage, akaniambia: "Peleka darasani, kwa yule mama mwenye mapacha." Nilikasirika sana. Sufuria niliiona, nilijua kilichobaki. Nikaenda, nikaiweka sahani chini kama mtu anayelisha kuku, nikageuka niondoke.

Yule mama akanishika mkono. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Jina lako nani?" Nikamwambia. Akawatamkia wale mapacha, nao wakalirudia, wakalikosea, tukacheka wote.

Wasikilizaji, niliporudi nyumbani sikuwa na hasira tena, na sikujua kwa nini. Leo nadhani najua. Kwa miaka 14 nilikuwa mtu wa kupewa. Unga napewa, daftari napewa, hata blanketi niliyozaliwa nikafunikwa ilikuwa ya kupewa. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, kuna mtu aliyenijua kama kijana aliyeleta kitu.

Lakini haikuishia hapo. Siku chache baadaye, yule mama alipata mgao wake wa kwanza. Akaja kwetu na ile sahani, ndani yake maharage mabichi, labda viganja viwili. Mama akapokea, akashukuru, akamkaribisha kwenye mkeka. Alipoondoka nikamuuliza: "Mama, mbona umechukua? Ana watoto wawili na hana hata sufuria." Mama akanijibu: "Ukimkatalia, umemfanya ombaomba. Mwache naye atoe."

Hilo neno bado ninalo. Kumbe furaha niliyoipata mimi darasani, na yeye alikuwa anaitafuta.

Sasa, sisemi mama atoe unga wa uji wa mtoto. Hapana. Mtoto ale kwanza. Na likelemba zetu ni jambo zuri, ila kule unajua zamu yako itafika. Mimi naongelea kile ambacho hujui kama kitarudi. Katika kijiji chetu kuna kijana, hana kitu kabisa, lakini kila Jumapili anakwenda kwa bibi mmoja asiyeona na kumsomea ujumbe wa simu kutoka kwa mwanawe. Anausoma mara mbili, tatu, hadi bibi atosheke. Nilimuuliza anapata nini. Akasema bibi humpigia hadithi za Fizi, mahali ambapo yeye hajawahi kufika, ingawa ndiko kwao.

Yule mama wa mapacha alisharudi Burundi. Sahani ile tunayo bado, imepinda ukingo.

Wiki ijayo nataka kuwasikia ninyi. Uliwahi kutoa ukiwa na kidogo? Na uliyempa, ulimruhusu naye akupe? Andika kwenye karatasi, mpe kiongozi wa kijiji chako ailete studioni. Usipojua kuandika, njoo mwenyewe, tutakurekodi.

[Muziki unapanda]