Antijeli ya Gari Yetu ya Zamani, na Maji ya Kutia Ndani

Mazungumuzo yaliyosomwa na komite ya gari mbele ya mukutano wa wanamemba, Lusangi

 

Mulituomba tueleze juu ya nini tunataka feza ya sanduku kwa kununua bido mbili za maji ya rangi. Mukutano uliopita muzee wetu mumoja alisimama, akauliza: “Antijeli ni dawa ya barafu. Hapa Lusangi barafu iko wapi?” Watu walicheka, na sisi tulicheka pia. Lakini ulizo lake ni la kweli, na ndilo limetuleta hapa.

Tuanze na kosa letu. Ile siku gari ilipokufa kwenye njia ya Kasongo, ilikuwa inabeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, na nyuma magunia ya muchele na ya karanga. Sindano ya joto ilipanda, dereva akaona, akasema tutafika tu. Hatukufika. Motere ilipiga moshi mweupe, ikasimama. Kijana mumoja wetu akafungua kifuniko cha radiateri palepale, maji ya moto yakamurukia mukono muzima; kovu munaliona mpaka leo. Mama alimaliza safari juu ya pikipiki, watu wawili wakimushika. Mungu alisaidia, mutoto alizaliwa, mama na mutoto wako wazima. Lakini tusiseme kama gari ndiyo ilitukosea. Miaka tatu tulikuwa tunatia ndani maji ya mto, kila mara na bido ileile ya kuchotea.

Fundi alipofungua motere tulisimama pale kuangalia. Ndani ya njia za maji mulikuwa matope mekundu ya kutu, mazito kama udongo wa kufinyangia chungu. Tundu nyingi za radiateri zilikuwa zimezibana. Ile karatasi ngumu ya katikati ya bloki na kilasi, ambayo huku tunaita juwe ya kilasi, na wale waliorudi kutoka Tanzania wanaita gasketi, ilikuwa imeungua. Kuitengeneza kulikula michango yetu ya miezi sita. Wale ambao matanga yao yalikosa musaada wakati ule wanajua tunasema nini.

Sasa tumujibu muzee. Ni kweli, jina antijeli linatoka inchi za baridi. Kule maji yakiganda ndani ya motere yanavimba, yanapasua bloki ya chuma. Sisi hatuna shida ile. Lakini ndani ya bido ile muko vitu viwili. Cha kwanza kinaitwa etileni glikoli. Ndicho kinazuia kuganda, na kinafanya tena maji yachelewe kuchemuka. Cha pili ni dawa za kuzuia kutu, zimechanganywa humo kidogo tu. Sisi tunanunua bido juu ya zile dawa. Ndani ya motere yetu muko chuma, shaba na risasi ya kulehemu, na vyote vinagusa maji ya moto siku nzima. Bila dawa vinakulana. Kutu ikishatoka kwenye chuma inatembea na maji mpaka kwenye tundu nyembamba za radiateri, inakaa pale.

Kuna wengine wanawaza kama maji ya rangi yanapoza kupita maji matupu. Hapana. Maji matupu yanabeba joto vizuri zaidi. Kwa hiyo kutia antijeli tupu, bila maji, ni kupoteza feza na kupika motere. Nusu kwa nusu inatosha. Hata ikiwa sehemu moja ya antijeli na mbili za maji, kwa joto letu inaweza kwenda. Chini ya pale dawa ya kutu inakuwa kidogo mno, ni kama umetia rangi tu.

Maji gani basi? Si ya mto, si ya kisima. Maji ya mvua. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, ya pili tega sufuria safi, pitisha kwenye kitambaa. Haina chumvi za udongo, na ni ile chumvi inabaki ndani kama ukoko chini ya birika ya chai. Tumetenga bido moja ya lita 20 kwa wakati wa kiangazi, imeandikwa GARI. Tunaomba wamama musituchotee humo, hata kama munaona maji yake ni mazuri. Na neno moja hapa: maji ya batri yanayouzwa sokoni si lazima maji. Mara nyingine ni asidi. Usitie ndani ya radiateri kitu hujui.

Tuje kwenye kuchagua, maana hapo ndipo watu wanadanganywa. Munaona sokoni kijani, nyekundu, ya machungwa, buluu. Rangi si sheria. Kila kiwanda kinatia rangi yake, na nyekundu ya huyu si nyekundu ya yule. Soma maandiko, au muletee mwenye kujua kusoma. Gari yetu ni Land Cruiser ya mazutu, motere 1HZ ya silinda sita, lita 4.2, na radiateri yake ni ya shaba, imelehemiwa na risasi. Kwa gari ya namna hii tumechagua aina ya zamani, ile ya kawaida ya kijani inayobadilishwa kila miaka miwili. Zile mpya za asidi ya ogani, zinazoandikwa miaka mitano, zilitengenezwa kwanza kwa magari ya radiateri za aluminiamu. Si kama ni mbaya. Lakini kwa shaba na risasi ya zamani hatutaki kujaribu na feza ya watu. Kitu kibaya kabisa ni kuchanganya: leo kijani, kesho nyekundu juu yake. Dawa za aina mbili zinaweza kuuana nguvu, na mara nyingine zinageuka kama uji ndani ya tundu.

Na ya bandia? Tulishanunua. Bido ilikuwa nzuri, ndani maji ya rangi tu. Tangu siku ile tunakwenda sokoni na mizani ya kupimia karanga. Antijeli tupu ni nzito kupita maji: lita tano za maji ni kilo tano, lita tano za antijeli tupu ni karibu kilo tano na nusu. Chukua bido mbili sawasawa, moja ya maji, moja ya antijeli, weka kwenye mizani. Zikilingana, murudishie muuzaji bido yake na umuage kwa heshima. Lakini angalia kwanza kama haikuandikwa kwamba imeshachanganywa. Hiyo inapita maji kidogo tu, na usiiongeze maji tena.

Kubadilisha hakuna siri, kunaomba uvumilivu. Motere ilale baridi usiku muzima. Fungua kifuniko, fungua robine ndogo chini ya radiateri, na ile bulo ya pembeni ya bloki, ambayo wengi wanaisahau na nusu ya uchafu inabaki. Kama gari iko na kipasha-joto ndani, mukono wake uweke kwenye moto ili maji yake pia yatoke. Osha na maji safi mara tatu, mara ine, mpaka yanatoka meupe. Sisi tuliosha mara saba. Kisha funga, jaza polepole, finya mipira na mukono ili hewa itoke, washa bila kifuniko, ngoja mupaka mupira wa juu upate moto, ongeza, funga. Asubuhi angalia tena, itakuwa imeshuka.

Pima yaliyotoka na yaliyoingia. Yetu ilikula karibu lita 11. Yakiingia saba tu, ujue hewa iko ndani.

Termostati. Mafundi wengi wa njia wanaitoa na kuitupa, wanasema inchi yetu ni ya joto. Tunaomba dereva wetu asikubali. Katika motere nyingi termostati inafunga pia njia ya mukato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani bila kufika kwenye radiateri hata kidogo. Unawaza umepoza, kumbe umepasha. Na tena, kama motere imeshachemuka, usimwange maji baridi ndani palepale. Zima, kaa chini ya muti, ongea na watu, kifuniko usikiguse mupaka mukono unaweza kukaa juu ya mupira wa radiateri. Tuko na kijana hapa anaweza kuwaonyesha juu ya nini.

Neno ambalo tunataka wazazi walishike. Antijeli ni tamu. Mutoto akiionja atarudia, mbuzi na imbwa vilevile. Ni sumu: mutu anaanza kama mulevi, kisha mafigo yanakufa. Kiasi kidogo kinatosha kwa mutoto. Hapa kwetu bido haitupwi, kila mutu anajua; leo mafuta ya mawese, kesho maji ya kunywa. Bido ya antijeli haitaingia ndani ya nyumba ya mutu yeyote, hata ikioshwa. Tutaitoboa. Yale machafu tuliyomwanga kutoka kwenye gari hatukuyapeleka mutoni wala nyuma ya shule. Yako ndani ya bido iliyoandikwa SUMU, ndani ya depo, ufunguo uko kwa mama mutunza-sanduku. Kama mutoto amekunywa, usingoje dalili, usimupe maziwa ukasubiri asubuhi. Mukimbize kwa munganga, ubebe na bido ili aone maandiko.

Tumebaki na kifuniko cha radiateri. Kile cha sasa mupira wake umekauka, hakishike nguvu, na kifuniko ndicho kinafanya maji ya ndani yafike karibu digri 120 mbele ya kuchemuka. Tumemutuma mwanamemba anayekwenda Bukavu alete kipya, chenye namba ileile iliyoandikwa juu ya cha zamani. Mupaka kifike, gari inabeba wagonjwa tu. Magunia yatangoja. Tunajua wenye karanga hamutapenda. Ndiyo maana tumekuja kuwaambia mbele ya watu wote, si kwenye njia.