VUMBI LA MASHINE YETU YA UNGA
(Maneno ya fundi wa mashine kwenye mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya kile chombo kipya cha kuvuta vumbi. Wengi mnauliza: fedha zetu zimeendea nini, vumbi la unga si chakula tu?

Jamani, ni chakula likiwa sufuriani. Likitanda hewani ndani ya nyumba, cheche moja yatosha kulilipua. Tarehe 2 Mei 1878 kiwanda cha unga cha Washburn, mjini Minneapolis, Marekani, kililipuka namna hiyo, wakafa watu 18. Na hata pasipo moto, vumbi hilo huweza kumletea pumu msagaji anayelivuta kila siku.

Lakini sikilizeni vizuri: chombo hiki hakimalizi vumbi, hulikusanya pahali pamoja. Tukikitumia ovyo tumejiwekea hatari wenyewe. Basi tufuate haya:

1. Mfuko wa vumbi ukae nje ya nyumba, mbali na jiko na mbali na watu wanaosubiri zamu.

2. Bomba liwe la chuma, siyo plastiki, nalo lifungwe waya wa kuingia ardhini. Vumbi likipita kwa kasi huzaa umeme, na umeme huzaa cheche.

3. Sumaku ya kunasa misumari isiondolewe. Msumari ukigonga nyundo za mashine, cheche yaweza kuvutwa mpaka mfukoni.

4. Mfuko ukung'utwe kila jioni, mashine na feni zikiwa zimesimama kabisa. Anayekung'uta ajifunike pua na mdomo.

5. Vumbi la kwenye boriti na kuta lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Kulipuliza ni kulirudisha hewani.

6. Sigara na kibatari visiingie. Kuchomelea chuma ni mpaka mashine izimwe, vumbi lisafishwe kwanza.

Najua foleni ikiwa ndefu mtasema, "Fundi, saga tu, mfuko utakung'utwa kesho." Ndiyo maana naomba mkutano huu uamue leo: mwenye zamu ya mashine akiona hatari azime, na asilaumiwe na mtu, hata kama debe linalosubiri ni la Mwenyekiti.

Unga wa kesho utasagwa. Mtu akiungua hatumpati tena.